Uzamili wa kwaya na uimbaji: uliza kwanza mtihani wa mwisho ni upi

Watu ishirini na wanne wamesimama nusu duara, kila mmoja na nota zake mkononi. Hujawahi kuwaona. Nyuma yao wameketi walimu watatu wenye madaftari. Wimbo uliletewa kwa barua pepe wiki mbili zilizopita, na sasa umepewa dakika ishirini za kuwafanyisha mazoezi. Hakuna anayetarajia uwaimbie. Hakuna anayetarajia hata umalize wimbo. Jopo linangoja jambo moja: waimbaji wa sauti ya tatu, yaani tenor, wakishuka nusu toni kwenye mstari wa pili, utasikia? Na ukishasikia, utawaambia nini?

Ndivyo ulivyo usaili wa uzamili wa uongozaji wa kwaya katika vyuo vingi vya Marekani na Uingereza, kwa tofauti ndogondogo za muda na idadi ya waimbaji. Mwalimu wa kwaya wa kwetu akiingia chumba kile na mazoea ya Jumamosi jioni, atafanya anachokijua: ataanza na sauti ya kwanza, awaimbie mstari mara tano waushike, ahamie sauti ya pili, na dakika ishirini zitaisha kabla besi hawajafungua kinywa. Njia hiyo si mbaya. Imejenga kwaya kubwa Moshi, Mwanza, Kisumu na Bujumbura, na inataka subira na sikio ambavyo watu wengi hawana. Lakini wale ishirini na wanne wanasoma nota. Hawahitaji kufundishwa wimbo, wanahitaji mtu wa kuwaambia wamekosea wapi na kwa nini.

Naanza na chumba hicho kwa sababu wengi ninaozungumza nao wana picha mbili za masomo haya. Wengine wanadhani uzamili wa kwaya ni mahali pa kwenda kuimba zaidi, mtu atoke na sauti nzuri kuliko aliyoingia nayo. Wengine wanadhani ni mahali pa kuandika kitabu kinene juu ya muziki. Picha zote mbili ni za kweli, ila kila moja ni ya mlango wake, yaani aina yake ya programu, na mlango wa uongozaji si wowote kati ya hiyo miwili. Nimeona watu wenye kipaji cha wazi wakijaza fomu za mlango usio wao, wakakataliwa, wakarudi wakiamini kwamba hawafai. Walifaa sana. Walibisha hodi nyumba ya jirani.

Kwa hiyo usianze na jina la chuo wala jina la shahada. Majina yanachanganya: neno "muziki" limo katika yote. Uliza mtihani wa mwisho ni upi. Mwanafunzi wa programu hii anahitimu kwa kufanya nini hasa, mbele ya nani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua watakuuliza nini mlangoni, utafundishwa nini ndani, na utajiandaaje ukiwa bado nyumbani.

Katika uongozaji wa kwaya, mtihani wa mwisho ni onesho. Unachagua nyimbo, unaiandaa kwaya kwa wiki kadhaa, unasimama mbele ya watu, walimu wako wanakaa na kusikiliza. Mara nyingi kuna na mtihani wa mdomo, na pengine andiko fupi, lakini kiini ni lile onesho. Marekani masomo haya huchukua miaka miwili na shahada huitwa Master of Music. Katika miaka hiyo utafundishwa mkono: namna pumzi yako na kipigo cha maandalizi kinavyowaambia waimbaji kasi, ukubwa wa sauti na hata rangi yake kabla noti ya kwanza haijatoka. Utapitia muziki wa kwaya kuanzia nyimbo za Kigregoriani, Palestrina, Bach, Brahms, mpaka watunzi walio hai. Utajifunza kuongoza okestra pia, kwa kuwa kazi kubwa za Bach na Handel haziimbwi bila vyombo, na mwongozaji anayejua kwaya tu hukwama mara anapokutana na violini.

Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika peke yako, kimya, mezani. Mwanafunzi huchukua nota za wimbo mmoja na kukaa nazo siku kadhaa kabla ya kuwaona waimbaji. Anasoma maneno kwanza kama shairi. Anatia alama penye pumzi. Anatafuta mahali ambapo sauti ya pili na ya tatu zinagongana kwa makusudi, ili siku ya mazoezi asidhani ni kosa. Anaimba kila sauti mwenyewe, kisha anapiga sauti mbili kwenye piano huku akiimba ya tatu. Akifika mazoezini anajua mapema wapi watakosea, na ana dawa mbili tatu mfukoni. Mimi nilipoanza kujifunza hivyo niligundua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikiusoma wimbo pamoja na kwaya yangu, mbele yao, kwa saa zao.

Mlango wa pili ni uimbaji wenyewe. Hapa mtihani wa mwisho ni wewe, piano, na saa nzima au karibu yake ya nyimbo zilizo kichwani, katika lugha tatu au nne. Kwaya haimo. Kwenye usaili utaombwa nyimbo nne au tano: Kiitaliano, Kijerumani, Kifaransa, Kiingereza, na pengine arya moja ya opera. Jopo linaweza kukusimamisha baada ya mbili. Ndani utasoma matamshi ya lugha hizo kwa kutumia alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa, ile yenye alama moja kwa kila sauti, kwa sababu mwimbaji anaweza kutakiwa kuimba lugha asiyoizungumza bila mwenye lugha kukunja uso. Utasoma pia ualimu wa sauti: koo limejengwaje, pumzi inasukumaje, kwa nini kijana wa miaka kumi na minne asilazimishwe kuimba besi.

Hapo kwenye matamshi ndipo Mswahili anapopata heshima asiyoitegemea. Mwaka 2005 Christopher Tin, mtunzi wa Marekani, aliandika wimbo wa mchezo wa kompyuta wa Civilization IV akitumia maneno ya Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kupata Grammy. Tangu hapo kwaya za shule na vyuo zimeuimba kila kona ya dunia, na nyingi zinatamka "ufalme" na "mbinguni" kwa vokali za Kiingereza. Mwanafunzi wa kwetu akiingia kwenye kwaya hiyo, wiki ya pili tu anaitwa mbele. Ajiandae. Asiwasomee maneno tu. Awaonyeshe kwamba vokali zetu ni tano na hazibadiliki, kwamba m na b katika "mbinguni" zinatoka pamoja bila kutanguliwa na vokali, na kwamba mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Huko nako ni kufundisha kwaya, na walimu wanaona.

Milango mingine naipitia kwa haraka. Uzamili wa elimu ya muziki ni wa walimu wa shule, na huishia kwenye utafiti juu ya darasa. Muziki wa kanisa huchanganya uongozaji, kinanda na teolojia. Musikolojia na etnomuzikolojia huishia kwenye tasnifu: hapo ndipo kitabu kinene kilipo, na hapo hawakuulizi kama unaweza kuongoza, wanakuuliza kama unaweza kufikiri kwa maandishi. Ngazi ya juu yake inafuata mgawanyo huohuo. Marekani ina uzamivu wa aina mbili: PhD kwa watafiti, na DMA, iliyoanza miaka ya 1950, kwa waimbaji, wapigaji na waongozaji, ambayo hudai maonesho kadhaa pamoja na andiko. Anayetaka kufundisha uongozaji wa kwaya chuo kikuu cha Marekani kwa kawaida huenda DMA.

Sasa solfa, maana ndipo hofu ya wengi ilipo.

Wengi wetu tulilelewa na d, r, m zilizoandikwa kwa chaki ubaoni, nukta mbili katikati, mstari wa kugawa vipimo. Mtu akisikia kwamba ng'ambo wanasoma nota za mistari mitano, anaificha solfa yake kama kitu cha kijijini. Asiifiche. Mfumo huo mizizi yake ni Norwich, Uingereza, ambako Sarah Glover aliutengeneza katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 kufundishia watoto uimbaji wa kanisani. Mchungaji John Curwen akauchukua, akaurekebisha, akaueneza kuanzia miaka ya 1840 mpaka ukawa nguvu ya kwaya za wafanyakazi wa viwandani. Wamisionari waliubeba kuja Afrika kwa sababu rahisi: unachapwa kwa herufi za kawaida, hauhitaji mashine ya kuchora mistari. Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake leo ni ya wimbo wa taifa wa Tanzania, aliandika kwa solfa.

Kisha ikazunguka. Zoltán Kodály na wanafunzi wake Hungaria walichukua do inayohama na ishara za mikono za Curwen, wakajengea juu yake elimu nzima ya muziki ya shule. Taasisi yenye jina lake ilifunguliwa Kecskemét mwaka 1975, na walimu kutoka mabara yote huenda huko kujifunza. Ndiyo sababu mwanafunzi wa Afrika Mashariki anaweza kuingia darasa la mafunzo ya sikio la uzamili na kuwakuta wenzake wanahangaika kuimba "do mi so fa" kwa ishara za mikono, jambo ambalo yeye alilifanya akiwa na miaka tisa, nyuma ya kanisa.

Lakini tusijidanganye, kuna mahali solfa inaishia. Solfa inakuambia noti ina uhusiano gani na do. Haikuonyeshi kwa jicho sauti inapanda au inashuka kiasi gani. Wimbo unaohama ufunguo mara mbili katika ukurasa mmoja huilazimisha do ihame kila mara, na msomaji anachoka. Muziki mwingi wa karne ya 20 hauna do kabisa. Tena mwongozaji anatakiwa kuona sauti nne, nane, pengine na okestra chini yake, zote kwa mtazamo mmoja, na mistari mitano hapo inafanya kazi ambayo herufi haziwezi: unaona umbo. Unaona besi wakipanda huku soprano wakishuka kabla hujazisoma noti zenyewe.

Daraja kati ya mambo haya mawili lipo na halina gharama. Chukua wimbo wa kitabuni unaoujua kwa solfa, sauti zote nne. Uandike kwa mkono kwenye mistari mitano, do ikiwa F. Wiki inayofuata uandike tena, do ikiwa G. Kisha A bemoli. Kwa mwezi wa tatu mkono wako utakuwa umeanza kuona do popote ilipokaa, na hapo ndipo wasomaji wengi wa mistari waliozaliwa na piano nyumbani wanapoachwa nyuma, kwa sababu wao wanajua jina la noti bila kujua kazi yake. Baada ya hapo tafuta korali za Bach. Mkusanyiko unaotumika sana una 371, zipo bure mtandaoni. Moja kwa siku: piga sauti ya pili na ya tatu kwenye kinanda, imba besi. Polepole. Nasisitiza kinanda kwa sababu ndicho kinachowaangusha wengi kuliko nota. Si lazima uwe mpiga kinanda wa tamasha. Inatosha uweze kuwapa waimbaji sauti zao na kupiga noti nne kwa pamoja bila kusimama. Anayetaka cheti cha kuonyesha anaweza kufanya mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza iliyoanza mwaka 1889, ambayo hufanyika pia Afrika Mashariki. Gredi ya tano ya nadharia ni shabaha nzuri ya kuanzia, ingawa kwa uzamili utahitaji kwenda mbele yake.

Jambo jingine usiloambiwa kwenye tangazo: ukishapokelewa Marekani, wiki ya kwanza utakalishwa mitihani ya nadharia na historia ya muziki. Ukianguka hufukuzwi. Utapangiwa masomo ya kujazia, ambayo kwa kawaida hayahesabiki kwenye shahada, na hayo ndiyo yanayogeuza miaka miwili kuwa miwili na nusu huku fedha za ufadhili zikiwa zimepimwa kwa miwili.

Ndani ya vyuo hivi kuna ugomvi wa zamani ambao mgeni huukanyaga bila kujua. Mwalimu wa uimbaji anataka mwanafunzi wake aimbe kwa sauti kamili yenye mng'ao. Mwongozaji wa kwaya anataka mwanafunzi huyohuyo azame ndani ya wenzake. Kila mmoja ana hoja.

Sauti ya la ya juu ya do ya kati ni mtetemo wa mara 440 kwa sekunde. Nyuzi za koo ndizo zinazofanya kazi hiyo, na mwalimu Manuel García alikuwa wa kwanza kuziona zikiimba ndani ya koo lake mwenyewe, mwaka 1854, kwa kioo kidogo na mwanga wa jua. Zaidi ya karne moja baadaye Johan Sundberg wa Stockholm alieleza kwa vipimo kitu ambacho walimu walikuwa wakikifundisha kwa sikio: waimbaji wa kiume wa opera waliofunzwa hukusanya nguvu nyingi ya sauti karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde. Okestra ina nguvu yake kubwa chini sana ya hapo, karibu na 500. Kwa hiyo mtu mmoja, bila kipaza sauti, anasikika juu ya vyombo sitini. Si kwamba anapiga kelele kuvishinda. Anapita penye nafasi.

Mng'ao huohuo ukiuweka katikati ya kwaya, unachomoza. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986, ambao Sundberg alishiriki, ulionyesha kwamba mwimbaji yuleyule hupunguza mng'ao huo akiimba ndani ya kwaya na kuuongeza akiimba peke yake. Yaani ni namna mbili za kutumia koo moja, na zote zinaweza kuwa salama zikifundishwa vizuri. Hatari ipo kwa mwanafunzi anayeambiwa na mwongozaji "punguza" bila kuonyeshwa jinsi. Anabana koo, anarudi kwa mwalimu wake wa sauti akiwa amechoka, na walimu wawili wanaanza kutazamana vibaya. Kwa hiyo kabla hujachagua chuo, uliza kama wanafunzi wa uimbaji wanaimba pia kwenye kwaya, na kama idara hizo mbili zinazungumza. Westminster Choir College, iliyoasisiwa na John Finley Williamson mwaka 1926 na ambayo leo ni sehemu ya Rider University huko New Jersey, ilijengwa juu ya imani kwamba kila mwanafunzi anaimba kwaya, hata anayeota kuimba peke yake. Vyuo vingine huwaachia waimbaji wa opera wajiendee zao. Kwa mtu aliyekuzwa na kwaya, tofauti hiyo ni kubwa kuliko jina la chuo.

Kwa wale wa mlango wa tasnifu, neno moja tu la kuwatia moyo, kisha mfano.

Muziki wetu wa kwaya umeandikwa kidogo kuliko unavyoimbwa. Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha mwaka 1963 kazi ya kitaalamu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, mwaka uleule ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 4 Desemba, ulipitisha hati ya liturujia iliyofungua mlango kwa muziki wa mataifa. Miaka arobaini baadaye, 2003, Gregory Barz, mwanaetnomuzikolojia wa Marekani, alichapisha kitabu kizima juu ya kwaya za Tanzania baada ya kuimba nazo Dar es Salaam. Ni kazi ya mtu aliyesikiliza kwa makini. Lakini nikiwaza idadi ya kwaya zilizopo kati ya Mombasa na Kigoma, rafu ya vitabu bado ni tupu, na masikio yanayofaa kuijaza yako huku.

Mfano wa swali linalotosha tasnifu: mkazo. Neno "amani" linakazwa kwenye "ma". Neno "Mkombozi" linakazwa kwenye "bo". Tuni iliyotungwa kwa Kijerumani au Kiingereza ina mapigo yake mazito mahali ambapo lugha ile iliyahitaji. Mfasiri akipachika Kiswahili juu yake, anahesabu silabi zitimie, lakini pigo zito linaweza kuangukia "a" ya "amani" au "zi" ya "Mkombozi", na msikilizaji anasikia neno lake limepinda. Tumeimba hivyo kwa zaidi ya miaka mia na masikio yamezoea. Je, watunzi wa Kitanzania walipoanza kuandika nyimbo zao wenyewe, waliurudisha mkazo mahali pake, au waliendelea na mazoea ya vitabu? Wapi waliurudisha, wapi hawakuurudisha, na kwaya hufanya nini kwenye mazoezi kuuficha mpindo? Na Kiswahili ni chepesi, hakina toni. Lugha nyingi za Kibantu zinazo, na humo tuni ikipanda pasipofaa maana ya neno inaweza kubadilika. Kazi hii haihitaji maabara. Inahitaji vitabu vya nyimbo, kinasa sauti, na mtu anayezungumza lugha.

Tuje kwenye fedha. Marekani ada ni kubwa, ila uzamili wa uongozaji una njia yake: nafasi ya msaidizi wa kufundisha. Chuo kinakusamehe ada yote au sehemu yake na kukulipa posho, nawe unaongoza kwaya ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, unapanga maktaba ya nota, unafundisha kundi dogo. Nafasi ni chache, maana programu nyingi huchukua waongozaji wawili watatu tu kwa mwaka. Kwa viza ya mwanafunzi, kazi ya ndani ya chuo wakati wa muhula isizidi saa 20 kwa wiki, kwa hiyo usihesabu kuongeza kipato pembeni. Chuo Kikuu cha Yale ni kisa cha pekee: zawadi ya dola milioni 100 iliyotangazwa mwaka 2005 iliiwezesha shule yake ya muziki kuwasomesha wanafunzi bila ada, na taasisi yake ya muziki wa kanisa nayo inalipia wanafunzi wake. Ushindani wake unaweza kuukisia.

Uingereza ina mifumo miwili. Vyuo vya muziki vya London, kama Royal Academy of Music iliyoanzishwa mwaka 1822, hufundisha watendaji, na uzamili wao kwa kawaida ni wa miaka miwili. Vyuo vikuu vina programu za mwaka mmoja. Ile ya Cambridge inayohusu kwaya imekaa juu ya mapokeo ya kwaya za makanisa ya vyuo vyake, ambayo yana zaidi ya miaka mia tano. Tofauti hiyo ya muda ina maana kubwa kwa anayetafuta Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa kuwa ufadhili huo ni wa shahada ya mwaka mmoja na hudai angalau miaka miwili ya uzoefu wa kazi. Miaka uliyofundisha shuleni kwa kulipwa inahesabika.

Ujerumani watu wa kwetu huisahau, na sioni kwa nini, hasa Walutheri na Wakatoliki ambao makanisa yao yana undugu wa muda mrefu na makanisa ya huko. Vyuo vya muziki vya umma katika majimbo mengi havitozi ada. Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Muziki wa kanisa huko ni taaluma kamili yenye ngazi, na ile ya juu, inayoitwa A, ni sawa na uzamili. Bei yake ni lugha na ogani. Utahitaji Kijerumani cha kutosha kusoma darasani, na mikono na miguu inayoweza kupiga ogani kweli.

Karibu zaidi, Kenyatta University ya Nairobi ina uzamili na uzamivu wa muziki, na Afrika Kusini Stellenbosch na Pretoria zina jina kubwa kwa kwaya. Kwa asiye na shahada ya kwanza ya muziki, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira karibu na Arusha ni mahali pa kuanzia. Wengi huruka hatua hii. Mwenye shahada ya ualimu wa hesabu na miaka kumi ya kwaya anaweza kusikilizwa na chuo cha watendaji, lakini vyuo vingi vya Marekani vitauliza kwanza cheti cha muziki, na kueleza kipaji kwenye barua hakutoshi.

Basi uko tayari, umechagua uongozaji, na unachotakiwa kutuma kwanza ni video. Tarehe ya mwisho kwa vyuo vingi vya Marekani huwa mwanzoni mwa Desemba, kwa hiyo rekodi kabla ya pilikapilika za Krismasi hazijaikalia kwaya. Watakuomba dakika kadhaa za onesho na dakika kadhaa za mazoezi. Simu inatosha, ila iwekwe nyuma ya besi ikikutazama wewe usoni, si nyuma yako ikiitazama kwaya. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanatuma video ya sherehe, sare zimenyooka, kamera inazunguka juu ya soprano, na mwongozaji anaonekana mgongo.

Kwenye kipande cha mazoezi kutakuwa na mahali ambapo waimbaji wa tenor wamekosea. Utatamani kukikata. Kiache. Acha waonekane wakikosea, wewe ukinyanyua mkono kuwasimamisha, ukiwaimbia noti mbili, ukiwaambia wapumue mapema kidogo, wakarudia, ikakaa. Hizo sekunde arobaini ndizo jopo litakazozirudia kuzitazama.